Sura ya Nne: Nairobi Saa Nane, Doha Saa Tano

Khocha wangu (ndivyo Wabukusu tunavyomwita mjomba) aliendesha lori la mahindi kutoka Kitale hadi Mombasa kwa miaka mingi, na sijawahi kumsikia akitaja kilomita. Muulize Bungoma mjini ni mbali kiasi gani kutoka kwake Kimilili, naye atakujibu kwa swali: kwa gari gani, na jana mvua ilinyesha? Kitale kwake ni saa moja na nusu kukiwa kukavu. Nakuru ni kutwa ukiwa umebeba, nusu kutwa ukirudi mtupu. Mombasa ni siku mbili na usiku wake, na hapo hujahesabu foleni ya mizani.

Binti yake alipopata kazi ya hoteli Doha, Qatar, nami nikaitwa nyumbani kusaidia kusoma makaratasi, tuliketi uani jioni huku simu ikipitishwa mkono kwa mkono. Kijana mmoja wa jirani alikuwa ameshatafuta jibu la swali ambalo kila mtu alikuwa nalo. Kutoka Nairobi hadi Doha, akasoma, ni kilomita 3,350 hivi, na ndege inachukua saa tano na dakika kumi.

Khocha alikoroga chai yake. "Na kutoka hapa mpaka hapo Nairobi?"

Kama kilomita 400 kwa barabara. Saa nane kwa basi, kukiwa kuzuri.

"Basi Doha iko karibu kuliko Nairobi," akasema. "Mama yenu analilia nini?"

Alikuwa anatania, lakini nimelibeba swali hilo tangu siku ile. Nambari zote mbili ni za kweli, na zikiwekwa pamoja zinamfanya mtu mzima aseme jambo ambalo kila aliyeketi pale alijua si kweli. Kuna kitu kimepotea kati ya kilomita na saa, na kwa msafiri anayeanzia Kitale au Bungoma kitu hicho ndicho sehemu kubwa ya safari.

Tuanze na nambari ya kilomita, maana nayo ina heshima yake. Haikupimwa na mtu aliyetembea. Imepigwa kwa hesabu, na hesabu yenyewe tunaweza kuifanya kwa kijiti mchangani, mradi tuanze na safari ndogo.

Kitale iko karibu kabisa na mahali ambapo digrii 1 ya latitudo kaskazini mwa Ikweta inakutana na digrii 35 ya longitudo mashariki. Bungoma iko digrii 0.56 kaskazini na 34.56 mashariki. Tofauti ni digrii 0.45 hivi kwa kila upande. Mzingo wa dunia ni kama kilomita 40,000. Gawa kwa digrii 360, kila digrii inakuwa kilomita 111. (Hizo 40,000 zimekaa sawa hivyo kwa sababu Wafaransa wa miaka ya 1790, walipobuni mita, waliikata kutoka kwenye dunia yenyewe: sehemu moja ya milioni kumi ya umbali wa Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta.) Hapa kwetu, karibu na Ikweta, digrii ya longitudo ina upana uleule wa digrii ya latitudo, kwa hiyo kanuni ya Pythagoras ya shule ya msingi inatosha. Kutoka Kitale unashuka kilomita 50 kusini, unakwenda 50 magharibi. Mraba wa 50 ni 2,500. Mara mbili, 5,000. Kipeo chake cha pili ni 70 na ushei.

Kitale na Bungoma, basi, zimeachana kilomita 70 angani, na ukiuchora mstari huo unapita karibu kabisa na Kimilili, labda juu ya paa la khocha.

Hakuna binadamu aliyewahi kusafiri kilomita hizo 70. Matatu ya Kitale hufuata barabara ya Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Lugulu hadi Webuye, na hapo unashuka, unabishana na makanga, unapanda nyingine ya Kanduyi na Bungoma. Ama unakata kulia Kamukuywa, unapitia Kimilili na Chwele, na siku ya soko la Chwele unasubiri ng'ombe, mikokoteni na magunia ya vitunguu yaondoke njiani. Kwa njia yoyote kilomita zinapita 80, na saa ni mbili, au tatu. Ndege mwenye mabawa angekuwa ameshafika zamani, lakini ndege wa mabawa hana mzigo wa mtu mwingine mapajani.

Kwa Doha hesabu ya mchangani haitoshi, kwa kuwa dunia inajipinda. Lakini watoto wa kizazi changu walikuwa na chombo cha kulielewa hilo: mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kwa kamba. (Watoto wa leo, tangu marufuku ya mifuko ya Agosti 2017, hutafuta matambara na makaratasi.) Shika ncha za kamba kwenye pointi mbili za mpira, ivute ikaze. Kamba itateleza yenyewe mpaka ipate njia fupi kuliko zote, na njia hiyo mara nyingi siyo uliyoitarajia. Ramani bapa ya ukutani darasani inakuambia kwamba wa Nairobi aendaye New York atakatiza Afrika ya Kati na Afrika Magharibi, kisha aivuke Atlantiki. Kamba inasema vingine: inaelekea kaskazini magharibi, inapita juu ya Sahara na kutokea pwani ya Moroko. Kilomita zake ni zaidi kidogo ya 11,800. Kila tovuti ya kuuza tikiti inayokutajia umbali imevuta kamba hiyo, haikufanya zaidi.

Sasa kuhusu mji wa kuondokea. Mama yake binti alitaka aende akapandie basi Kitale, kwa kuwa ndugu zake wako kule na wangemsindikiza. Khocha alitaka Bungoma, kwa kuwa Bungoma, alisema, "ni njia kuu." Walibishana mpaka ugali ukaiva. Usiku ule nilipiga hesabu ili nijue nani ana haki, na nilichokipata kilinifanya niwashe taa tena nihakikishe. Kitale iko kilomita 325 hivi kutoka katikati ya Nairobi. Bungoma iko kilomita 325 hivi kutoka katikati ya Nairobi. Miji miwili iliyoachana kilomita 70 imekaa kama miguu miwili ya mtu aliyesimama, na kichwa chake ni Nairobi. Walikuwa wakibishania kitu ambacho angani hakipo.

Na niliendelea kupiga hesabu, kosa la mtu aliyekosa usingizi. Uwanja wa ndege wa Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria, uko kilomita kama 245 kutoka Bungoma na 305 kutoka Kitale. Yaani kwa kamba ya mpira, miji yote miwili iko karibu na Entebbe kuliko ilivyo karibu na Nairobi. Ndege za Ghuba zipo Entebbe pia. Tena tangu 2014 Mkenya anaweza kuvuka kuingia Uganda kwa kitambulisho tu.

Nilipomwambia khocha asubuhi, alinitazama kama mtu anayemsikiliza mwanafunzi. "Umeiona foleni ya malori pale mpakani Malaba?" Halafu, kwa upole zaidi: vibali vya kazi vya binti vimetolewa Nairobi, wakala yuko Nairobi, tikiti inasema Nairobi. Mpaka ni umbali ambao haumo kwenye kamba. Eldoret nayo, kilomita kama 70 tu kutoka Kimilili, ina uwanja uliofunguliwa miaka ya 1990 wenye njia ya kurukia ya kilomita 3 na nusu hivi na neno "kimataifa" kwenye jina lake. Lakini ndege za ng'ambo zinazotua pale kwa kawaida huleta mizigo. Abiria wa Doha atapanda Eldoret ndege ya kwenda Nairobi, safari isiyofika saa moja, ikiwa nauli yake anayo. Binti hakuwa nayo. Shati la mtumba lililotoka Dubai linaweza kushukia Eldoret. Mtu anayekwenda Dubai ndiye anayezungushwa.

Hapo ndipo saa zinapoanza kuachana na kilomita, na si upande wa basi peke yake. Ndege kubwa ya abiria ikishafika juu huenda kama kilomita 900 kwa saa. Gawa 3,350 kwa 900, unapata saa tatu na dakika 43. Tikiti inasema saa tano na dakika kumi. Karibu saa moja na nusu imekwenda wapi?

Kiasi fulani kimebaki ardhini. Saa ya tikiti huanza ndege inapoachana na mlango wa jengo, siyo inapoacha lami, na huisha inaposimama mlangoni kule. Kujivuta hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kupanga foleni, kupanda polepole, kushuka polepole, na tena kujivuta hadi mahali pa kuegesha, yote yamo. Kampuni nazo huongeza dakika za akiba ili ndege iliyochelewa ionekane imefika kwa wakati, ujanja ambao kila dereva wa basi angependa kuruhusiwa. Kiasi kingine kimepotea kwa sababu ndege haifuati kamba. Inafuata njia zilizopangwa angani kutoka kituo hadi kituo, na anga lina wenyewe.

Khocha alilielewa hili upesi kuliko mengine yote. "Ni kama barabara inayopita shambani kwa mtu," akasema. "Mkikosana, anaweka miba."

Ndivyo ilivyokuwa hasa. Tarehe 5 Juni 2017 Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilivunja uhusiano na Qatar na kuzifungia ndege zake anga lao. Ramani inaonyesha Qatar ilivyo: rasi ndogo iliyochomoza Ghuba, imeshikwa na Saudi Arabia kwa upande wa nchi kavu. Kwa miaka mitatu na nusu, hadi Januari 2021, ndege za Qatar zilizotoka Afrika Mashariki hazikuweza kukatiza Saudi Arabia; ziliizunguka kwa upande wa Oman na anga la Iran. Nambari ya 3,350 haikubadilika hata kwa mita moja katika miaka hiyo. Mafuta yalibadilika, saa zilibadilika. Vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023 na anga la nchi hiyo likafungwa, safari za Nairobi na Ulaya nazo zilijikuta zinazunguka, ingawa kamba ya kwenda London bado ni kilomita 6,840 kama ilivyokuwa siku za amani.

Na kuna upepo. Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York kwa Boeing 787. Kwenda kulipangiwa saa 15, kurudi 14. Njia ni moja, lakini kule juu, kilomita kumi na zaidi kutoka ardhini, kwenye latitudo za kati, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kuelekea mashariki. Unakwenda ukiupinga, unarudi ukikusukuma. Wavuvi na manahodha wa pwani wasingeshangaa: nao hawakuhesabu bahari ya kwenda Maskati na ya kurudi kuwa bahari moja, kwa kuwa kaskazi na kusi haziko upande mmoja. Safari ya Doha ni ya kaskazini zaidi kuliko mashariki, kwa hiyo upepo huo haina nao shughuli kubwa.

Nimetaja manahodha, na nina sababu. Mazoea ya kupima mbali kwa muda yana umri mkubwa kuliko barabara hizi. Joseph Thomson, Mskoti, aliondoka pwani Machi 1883. Alirudi nyuma hadi Mombasa mara moja, akaondoka tena, akaungana njiani na msafara wa Jumbe Kimameta wa Pangani, mfanyabiashara aliyeijua bara kuliko yeye. Alifika Kwa Sundu, ambayo leo ni Mumias, chini ya kilomita 30 kutoka Bungoma, Desemba mwaka uleule. Kutoka bahari hadi Magharibi mwa Kenya: miezi tisa. Wapagazi wa msafara hawakuwa na haja ya maili. Hesabu yao ilikuwa vituo: palipo mto, palipo mji wa kununua mtama, palipo watu wa kuogopwa.

Reli ilifika Kisumu 1901. Tawi la kutoka Eldoret lilifika Kitale 1926, na njia kuu, ile inayopanda hadi karibu mita 2,800 pale Timboroa kisha ikateremka kupitia Webuye na Bungoma, ilifika Kampala 1931. Miezi ikawa siku. Na mwaka huohuo wa 1931, kusini kidogo, ndege za baharini za Imperial Airways zilianza kutua juu ya maji ya Ziwa Viktoria pale Kisumu, zikiwa kwenye njia ya kutoka Uingereza kwenda Mwanza. Abiria waliteremka njiani kila jioni wakalala hotelini, wakaendelea asubuhi. Ilikuwa bado safari ya siku, ila sasa siku za matajiri.

Kisha likaja jambo ambalo watu wa Magharibi mwa Kenya wanastahili kulijua zaidi kuliko wanavyolijua. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya kwanza duniani ya injini za jeti kubeba abiria wa kulipa nauli, Comet ya kampuni ya BOAC, iliondoka London kwenda Johannesburg. Ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Safari nzima ilichukua chini kidogo ya saa 24. Nchi ya Bungoma ilikuwa kando ya njia ya safari ya haraka kuliko zote duniani wakati ambapo mtu wa Bungoma aendaye Nairobi alipanda treni, akalala humo. Uwanja wa ndege wa Embakasi, ule wa Nairobi, ulikuwa haujajengwa. Ulifunguliwa 1958, kwa jasho la watu waliowekwa kizuizini wakati wa Mau Mau. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 1959, ndege ya kukodi ya mpango wa Tom Mboya iliwashusha New York wanafunzi 81.

Tangu hapo ndege zimekuwa zikifupisha kipande cha katikati. Ncha mbili hazikufupishwa. Saa nane za Kitale na Nairobi khocha anazikumbuka hivyohivyo tangu ujana wake. Barabara imepanuliwa hapa na pale, malori yakaongezeka kuzijaza. Na usiku wa mwisho wa 2017, baada ya ajali mbaya karibu na Sachangwan, serikali ilipiga marufuku mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku kwa muda. Aliyekuwa na ndege ya alfajiri ilimbidi aondoke Kitale mchana wa jana yake na kutafuta chumba River Road, Nairobi. Doha ikasogea mbali kwa siku nzima, na hakuna tovuti iliyoandika.

Tulipofika kwenye saa za tikiti ndipo mkanganyiko ulipoingia kweli. Kiswahili kina neno moja, saa, kwa chombo cha mkononi, kwa wakati wa siku, na kwa muda unaopita. Kijana wa jirani aliposema "Doha ni saa tano," mama aliuliza, "Saa tano ya asubuhi ama ya usiku?" Swali lilikuwa zuri. Nairobi saa nane, Doha saa tano: sentensi hiyo inaweza kuwa ratiba, inaweza kuwa umbali.

Tikiti yenyewe iliandikwa: Alhamisi tarehe 13 Juni, kuondoka 01:20, kufika 06:30. Kuitafsiri 01:20 kuwa saa saba na dakika ishirini usiku si kazi. Kazi ni Alhamisi. Ninamjua mtu wa Kiminini aliyefika uwanjani Alhamisi jioni, koti jipya, akiwa na jamaa kumi na wawili wa kumsindikiza, na ndege yake ilikuwa imeshatua ng'ambo asubuhi ya siku hiyo. Aliambiwa "Alhamisi usiku," naye akaelewa kama sisi sote wa bara tunavyoelewa: usiku unaoifuata Alhamisi. Mswahili wa pwani anayeshika hesabu ya zamani, ambayo siku huanza jua linapotua, asingekosea. Kwake usiku wa Alhamisi ndio unaotangulia mchana wa Alhamisi. Siku hizi hata magazeti yetu yana msemo wa kumaliza ubishi, "usiku wa kuamkia Alhamisi," nami niliuandika kwa wino mwekundu kwenye bahasha ya pasipoti, nikapigia mstari mara mbili.

Aliondoka Kimilili Jumatano, saa kumi na moja alfajiri, kwa matatu ya Kitale; mama alishinda ule ubishi. Basi liling'oka Kitale saa mbili asubuhi, likapita Eldoret, Burnt Forest, Timboroa kwenye ukungu, likasimama Nakuru watu wale viazi, na kumshusha Nairobi saa kumi na nusu jioni. Kisha msongamano wa magari ya jioni kuelekea uwanjani. Kisha saa tatu za kusubiri ambazo shirika lolote la ndege hudai. Ndege ikaruka. Kule Doha foleni ya uhamiaji, gari la mwajiri lililosubiri wengine wanane watimie, na mwishowe kitanda chake katika chumba cha watu wanne, saa nne asubuhi ya Alhamisi. Alinitumia orodha hiyo kwa simu kwa sababu nilimwomba, akaongeza kwamba mimi ni mtu wa ajabu. Ni saa 29 kutoka mlango hadi mlango. Tano ndizo za ndege. Kati ya kila saa sita alizosafiri, moja tu hivi ndiyo iliyokuwa kwenye jibu la kijana wa jirani.

Kuna nambari moja zaidi, na hii haionekani kwenye tikiti kwa kuwa ni sifuri. Tofauti ya saa kati ya Kenya na Qatar ni sifuri. Zote zinatangulia Greenwich kwa saa tatu. Lakini saa tatu hizo ni haki ya longitudo ya 45, ambayo haipiti Kenya kabisa. Bungoma iko zaidi ya digrii 10 magharibi yake, na kila digrii ni dakika nne za jua, kwa hiyo jua la Bungoma huwa utosini kama saa sita na dakika 42 mchana. Doha iko upande wa pili wa mstari huo. Jua lake huwa utosini kabla ya saa sita. (Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliiweka Kenya mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45, saa ya kuchekesha, lakini iliyolikaribia jua letu zaidi.) Kwa longitudo tu, Doha inatangulia Bungoma kwa saa moja na dakika nane. Mwezi Juni, kwa kuwa Doha iko mbali kaskazini na mchana wake ni mrefu, pengo la asubuhi linapanuka zaidi: kule jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, Kimilili huchomoza baada ya saa kumi na mbili na nusu.

Nilikuwa nimelala kwa khocha wiki iliyofuata simu ilipolia, naye alikuwa ameamka kukamua.

"Papa, mmelala?"

"Ni usiku, mama. Kuna nini?"

"Usiku gani? Mimi nimeshavaa sare. Jua limeshatoka, liko juu ya jengo la mbele."

Khocha alinyamaza. "Saa yako inasema ngapi?"

"Kumi na moja na robo."

Akamulika saa yake ya mkono kwa tochi, akaisogeza karibu na macho, akaitikisa. Kisha akaja dirishani kwangu akiwa bado na simu sikioni, akaniuliza yangu inasema ngapi, na nilipomwambia akatoka tena uani na ndoo yake, akasimama ameelekea milima ya Cherangani, upande wa mawio, ambako bado hapakuwa na hata mstari wa mwanga.